Kwa nini famasi yenye nia njema bado inagongana na sheria

Mtu akisikia famasi imefungiwa au imepigwa faini, kinachomjia kichwani kwanza ni dawa feki, au kwamba walikuwa wanauza dawa za kulevya kimyakimya. Hayo yapo, sikatai, na wanaoyafanya wanastahili wanachopata. Lakini kuna kundi jingine ambalo halizungumzwi sana, famasi ya watu wazuri tu, mfamasia kasoma, dawa ni halali, wagonjwa wanahudumiwa vizuri, alafu anaingia mkaguzi asubuhi anakuta rejista haijajazwa siku mbili, friji haina rekodi ya joto ya wiki iliyopita, leseni ya jengo imeisha mwezi jana na mfamasia mwenye zamu ametoka kidogo, basi hapo kila kimoja ni kosa, na kila kimoja kina sheria yake na adhabu yake.

Nataka nieleze hii kitu inavyokaa, maana ukiambiwa "fuata sheria tu" unadhani kuna kitabu kimoja mahali, ukikisoma ukakimaliza mambo yamekwisha. Hakipo. Famasi ni sehemu ndogo ambapo mamlaka nyingi zinakutana bila kuwa zimewahi kukaa meza moja. Kuna anayesimamia mtu, yaani mfamasia mwenyewe na usajili wake. Kuna anayesimamia jengo. Kuna anayesimamia dawa, imesajiliwa au haijasajiliwa, imetoka wapi. Dawa za kulevya na zile zinazochezea akili mara nyingi zina bosi mwingine kabisa, na mara nyingi ni mtu wa usalama, sio wa afya. Data za wagonjwa zina bosi wake, bima ina mkataba wake, taka za dawa zina watu wa mazingira, na bado hujagusa kodi na ajira.

Chukua Uingereza kama mfano. Mfamasia na jengo lake wanasajiliwa na baraza la famasi liitwalo GPhC, dawa zenyewe zipo chini ya MHRA, yaani mamlaka ya dawa, leseni za dawa za kulevya zinatoka wizara ya mambo ya ndani, data zinaangaliwa na ofisi ya kamishna wa taarifa, na malipo yanakuja kwa mkataba na NHS, huduma ya afya ya serikali, ambao nao una masharti yake. Marekani ndo usiseme, leseni ya famasi inatoka bodi ya jimbo, dawa zipo kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, dawa zenye udhibiti zipo kwa DEA ambao ni polisi wa dawa za kulevya, siri za mgonjwa zinalindwa na sheria ya HIPAA ya 1996, na ukituma dawa kwa posta kwenda jimbo la pili mara nyingi utatakiwa uwe na leseni ya huko pia. Sasa huyu mtu mmoja aliyesimama kaunta, akimpa mgonjwa boksi moja la dawa, kwa sekunde ile amegusa sheria tano sita kwa mpigo.

Nani anaruhusiwa kufungua, na nani lazima awepo

Hapa nchi zimegawanyika vibaya. Ujerumani wanasema famasi lazima imilikiwe na mfamasia, na mmoja anaruhusiwa famasi moja kuu na matawi yasiyozidi 3. Kampuni zilipinga, kesi ikafika mahakama ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2009 mahakama ikasema nchi ina haki ya kuweka sharti hilo kwa ajili ya afya ya watu. Hoja yao ni kwamba mfamasia akikosea anaweza kupoteza leseni na maisha yake yote ya kazi, kwahiyo hata akitafuta faida kuna kitu kinamshika, wakati mwekezaji wa kawaida hana cha kupoteza zaidi ya hela. Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani kampuni inaweza kumiliki mamia ya famasi, ila hata hukohuko Marekani jimbo la North Dakota linataka hisa nyingi ziwe za mfamasia.

Mi naona hoja ya Ujerumani ina uzito, maana mgongano unaouleta umiliki wa kampuni ni huu: mwenye duka anaweka malengo ya mauzo, anapunguza wafanyakazi, anataka vyeti vingi vya daktari vihudumiwe kwa saa, alafu makosa yakitokea anayesimamishwa mbele ya baraza ni mfamasia aliyeajiriwa ambaye hakupanga hata ratiba. Sheria za nchi nyingi zinamtaja mtu mmoja kama msimamizi mwenye dhamana, jina lake linabandikwa ukutani kabisa, lakini hazimpi nguvu ya kumwambia mwajiri leo tunafunga mapema maana tuko wawili tu na foleni ni ndefu.

Alafu kuna suala la kuwepo. Kanuni za Uingereza zilizoanza kutumika Oktoba 2009 zilimruhusu mfamasia mwenye dhamana kutoka kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku, na akiwa hayupo kulikuwa na dawa zisizoruhusiwa kuuzwa hata kama zipo tayari kwenye mfuko na jina la mgonjwa limeshaandikwa. Mgonjwa amesafiri kutoka mbali, dawa anaiona, msaidizi anaijua, lakini kuitoa ilikuwa kosa. Kwa mgonjwa ni usumbufu usioeleweka, kwa sheria ndo msingi wenyewe, kwamba kuna mtu mwenye taaluma anaangalia mara ya mwisho. Na ukweli ni kwamba hapa ndo famasi nyingi ndogo zinaumia, mfamasia ni mmoja, anaumwa, ana msiba, ana mtoto, wa kumshikia zamu hapatikani, na kila saa duka linapobaki wazi bila yeye ni saa ya kosa.

Friji ambalo haliongei

Sehemu ya kuhifadhi dawa inaonekana nyepesi lakini ndo inaonyesha vizuri kwa nini wakaguzi wanang'ang'ania makaratasi. Insulini ambayo haijafunguliwa na chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinapungua nguvu taratibu, na zikiganda ni mbaya zaidi, chanjo kama ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Sasa shika hiyo chupa ya insulini mkononi, iangalie, mara nyingi huwezi kujua kwa macho kama wikiendi umeme ulikatika kwa muda wa saa 9. Ni maji yaleyale, lebo ileile.

Kwahiyo rekodi ya joto ndo macho pekee uliyonayo. Kipimajoto kinachoshika joto la juu kabisa na la chini kabisa, mtu anasoma, anaandika, anaweka sahihi, anakiseti upya. Asiposeti upya namba ya jana inabaki leo na rekodi inakuwa haina maana, na hili kosa ni la kawaida mno. Ukikuta karatasi ya mwezi mzima imeandikwa 4, 4, 4, 4 kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mkaguzi mzoefu anajua imejazwa jana usiku, na hapo kosa limepanda daraja, kutoka kusahau limekuwa kughushi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wenye famasi wengi wanaona rekodi kama kero ya serikali. Ukisimama upande wa mgonjwa unaona tofauti, yule mwenye kisukari anachoma insulini, sukari haishuki, daktari anaongeza dozi, hakuna anayewaza friji. Siku anapata chupa isiyoharibika kutoka bechi nyingine kwa dozi ileile iliyoongezwa, sukari inashuka mpaka anaanguka.

Dawa imetoka wapi

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa 1 kati ya 10 za dawa ni duni au bandia. Ndo maana sheria zinataka famasi inunue kwa msambazaji mwenye leseni tu, itunze invoisi, iandike namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda. Shida inaanza dawa zikiadimika. Msambazaji wako hana, mgonjwa yuko mbele yako, na kuna mtu anapiga simu anasema anayo, bei nzuri, risiti atakuletea baadaye. Hiyo risiti ya baadaye ndo mlango ambao dawa feki zinapitia, hata kwenye famasi ambayo haijawahi kutaka kuuza dawa feki.

Nchi tajiri zimejaribu kuziba kwa teknolojia. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 9 Februari 2019, boksi la dawa nyingi za cheti lazima liwe na namba yake ya kipekee na alama ya kuonyesha halijafunguliwa, famasi inaskani kabla ya kutoa na mfumo unasema kama boksi hilo linatambulika. Marekani walipitisha sheria ya kufuatilia dawa mwaka 2013 wakaipa miaka kumi ya kujiandaa, na ilipofika bado wakaongeza muda. Wazo ni zuri sana, ila kaunta ndo inabeba matatizo yake, mtengenezaji hajapakia data zake vizuri basi skana inapiga kelele kwamba boksi halitambuliki, dawa ni halali, mgonjwa anasubiri, na mfamasia anatakiwa aiweke pembeni aanze kuuliza. Zikipiga kelele nyingi za uongo, watu wanazoea kuzipuuza, na siku boksi la feki likija kweli kelele ni ileile.

Na namba ya bechi sio pambo. Mwaka 1937 Marekani watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto, walikufa kwa dawa ya maji iliyochanganywa na kemikali iitwayo daiethilini glaikoli, na vifo hivyo ndo vilisukuma sheria ya 1938 iliyotaka dawa ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Mwaka 2022 kemikali hiyohiyo na ndugu yake ethilini glaikoli zikaonekana tena kwenye sirapu za watoto, Gambia, Indonesia na Uzbekistan, na WHO ikasema vifo vimepita 300. Tangazo la kuondoa dawa sokoni likitoka, famasi inapewa jina na namba za bechi. Aliyeandika bechi anafungua mfumo anaona zimebaki chupa ngapi, nyingine zimetoka lini, anapiga simu. Ambaye hakuandika anabaki kuangalia shelfu tupu bila kujua chupa zake zimelala nyumba zipi.

Dawa za kulevya, hapa ndo pagumu kuliko pote

Msingi wake ni mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, wa 1961 wa dawa za kulevya, wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, na wa 1988 wa biashara haramu ambao unagusa mpaka kemikali za kutengenezea. Karibu nchi zote duniani zimejiunga. Chini ya huo wa kwanza kila nchi inapeleka makadirio yake ya mwaka, itahitaji mofini kiasi gani, kodeini kiasi gani, na bodi ya kimataifa INCB inafuatilia. Kwahiyo ile mofini iliyofungiwa kwenye kabati lako imehesabiwa tangu kiwandani, na rejista yako ni pete ya mwisho kwenye mnyororo mrefu sana.

Rejista yenyewe ya karatasi inatakiwa iwe kitabu kilichojalidiwa, sio karatasi za kuchomoachomoa. Ukurasa mmoja dawa moja, nguvu moja. Ilipoingia, ilitoka kwa nani, aliyeandikiwa nani, aliyechukua nani, salio limebaki ngapi. Hakuna kufuta, hakuna kupaka rangi nyeupe juu ya makosa, ukikosea unaacha kama ilivyo unaandika maelezo pembeni na tarehe na sahihi. Vidonge havisumbui sana, unahesabu tu. Mofini ya maji ndo kazi. Chupa ya kiwandani mara nyingi ina ujazo kidogo zaidi ya ulioandikwa, alafu kila ukipima kuna matone yanabaki kwenye kipimo, baada ya wiki kadhaa kitabu kinasema mililita 340 na chupa ukipima unapata 352. Mtu mgeni anaona kuzidi sio tatizo. Ni tatizo, maana kuzidi kunaweza kumaanisha kuna mgonjwa alipewa pungufu, au kuna ingizo limeandikwa mara mbili, na lazima uchunguze uandike ulichokikuta, na ndivyo ilivyo pia ukipungukiwa.

Kwa nini ukali huu? Kuna kisa ambacho Uingereza hawawezi kukisahau, cha daktari Harold Shipman, aliyehukumiwa Januari 2000 kwa kuua wagonjwa wake 15, na uchunguzi wa umma ukaona idadi halisi ni kubwa zaidi sana. Alitumia daiamofini. Alikuwa anaandika cheti kwa jina la mgonjwa alafu dawa anaichukua mwenyewe, na iliyobaki anajiwekea. Vyeti vilionekana halali, daktari ni daktari kweli, rejista za famasi zilijazwa, ila hakukuwa na mtu mmoja aliyekuwa anatazama picha nzima. Baada ya hapo kanuni zikabadilika, mwaka 2006 cheti cha dawa hizo kikapewa uhai wa siku 28 tu, na mfamasia akatakiwa kuuliza huyu anayechukua dawa ni mgonjwa, ni ndugu, au ni mhudumu wa afya.

Sasa geuka upande wa pili. Marekani kanuni ya serikali kuu inasema daktari ndo mwenye jukumu la kuandika cheti sahihi, lakini mfamasia naye ana jukumu linalolingana, kwahiyo akitoa dawa kwa cheti anachojua hakina sababu ya kitabibu, naye ana kosa. Mwishoni mwa 2022 kampuni kubwa za famasi CVS na Walgreens walitangaza kukubali kulipa takriban dola bilioni 5 kila mmoja kumaliza kesi za dawa za maumivu za kundi la opioidi, na Walmart karibu bilioni 3. Madai makubwa yalikuwa kwamba famasi zilikuwa zinaona dalili za hatari, wagonjwa wanatoka mbali mno, mchanganyiko uleule wa dawa kwa kila mtu, malipo taslimu, na zinaendelea kutoa tu.

Basi famasi zikaogopa. Na mtu akiogopa anakataa. Wagonjwa wa saratani, watu wenye maumivu ya miaka wakaanza kurudishwa na vyeti halali mkononi. Hapa mi nasimama na mgonjwa kabisa, kwa sababu ukisoma utangulizi wa huo mkataba wa 1961 wenyewe unakiri kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi hayaepukiki katika kuondoa maumivu na mateso, na kwamba lazima zipatikane. Kumbe sheria ina nusu mbili, zuia na toa, lakini adhabu zimewekwa kwenye nusu moja tu. Famasi iliyotoa kupita kiasi inashtakiwa, famasi iliyomnyima mofini mtu anayekufa kwa maumivu mara nyingi haiulizwi na yeyote.

Juu ya hayo dawa zenyewe zinahama daraja. Kodeini kwa miaka ilikuwa inauzwa bila cheti Ufaransa mpaka 2017, Australia mpaka Februari 2018, ghafla ikawa ya cheti. Tramadoli, dawa ya maumivu, haipo kabisa kwenye orodha za mikataba ya kimataifa, lakini Marekani na Uingereza wote waliiweka kwenye udhibiti mwaka 2014, na kuna nchi zinaishughulikia kwa ukali kuliko hapo. Dawa ya mafua yenye sudoefedrini inauzwa kaunta, ila kwa sababu inaweza kutengenezewa dawa ya kulevya iitwayo methamfetamini, Marekani mteja haruhusiwi kupita gramu 3.6 kwa siku wala gramu 9 kwa siku 30, na jina lake linaandikwa. Mfamasia anayekariri sheria alizosoma chuoni bila kufuatilia, siku moja atafanya kosa kwa kitu alichokifanya kihalali miaka kumi.

Bima na siri

Kuna kitu watu wa nje hawakijui, kwamba mara nyingi famasi inaumizwa na mkaguzi wa bima kuliko wa serikali. Nipe nafasi nieleze mfano mmoja wa insulini ya kalamu. Boksi lina kalamu 5, kila moja yuniti 300, jumla 1500. Mgonjwa anachoma yuniti 20 kwa siku, hiyo ni siku 75. Bima inasema inalipia siku 30 tu. Boksi mara nyingi linatakiwa litolewe bila kufunguliwa. Mfamasia afanye nini? Akiandika siku 75 mfumo unakataa. Akiandika 30 mfumo unakubali, mgonjwa anapata dawa, na mwaka mmoja mbele mkaguzi wa bima anapiga hesabu anasema uliandika uongo, rudisha hela ya boksi lote, wakati mwingine na zile za miezi iliyofuata. Hakuna mgonjwa aliyeumia na dawa imetumika. Kinachookoa hapo ni maelezo yaliyoandikwa siku ileile, kwamba hili ndilo boksi dogo kabisa lililopo, au simu iliyopigwa kwa bima na jina la aliyepokea.

Siri za mgonjwa nazo zinavuja mahali pasipotarajiwa. Watu wanawaza wadukuzi, lakini mwaka 2009 CVS ilikubali kulipa dola milioni 2.25 kwa serikali ya Marekani kwa jambo la kawaida kabisa, lebo na chupa za dawa zenye majina ya wagonjwa zilitupwa kwenye mapipa ya taka ambayo mtu yeyote angeweza kuyafikia. Lebo moja ina jina, ina dawa, na dawa inataja ugonjwa. Na kaunta zenyewe zimejengwa vibaya, mtu anaulizwa kwa sauti kuhusu dawa zake za virusi huku watu watano nyuma yake wanasikia. Sheria ya data ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inaweka taarifa za afya kwenye kundi la ulinzi wa juu, sasa ongeza famasi zinazopokea picha ya cheti kwa wotsap kwenye simu binafsi ya mfanyakazi, ambaye akiacha kazi anaondoka nazo zote.

Mianya kati ya mamlaka

Ukiacha sheria kugongana, kuna hatari nyingine, sheria kutokugusana kabisa. Kuchanganya dawa kwa ajili ya mgonjwa mmoja maalum ni kazi halali ya zamani ya mfamasia. Kutengeneza dawa kwa wingi ni kazi ya kiwanda na ina masharti mazito. Mwaka 2012 huko Massachusetts, New England Compounding Center, iliyosajiliwa kama famasi, ilikuwa inatengeneza sindano za steroidi kwa maelfu na kuzisambaza majimbo mengi. Zilikuwa na fangasi. Watu zaidi ya 60 walikufa na mamia wakaugua, wengi homa ya uti wa mgongo. Bodi ya jimbo ilikuwa na mamlaka juu ya famasi, FDA ilikuwa na mamlaka juu ya viwanda, na huyu alikaa katikati. Mwaka 2013 ndo ikaja sheria iliyochora mstari upya.

Famasi za mtandaoni zimerudisha hali ileile kwa ukubwa mwingine. Tovuti ipo nchi moja, daktari anayejaza fomu yupo nyingine, dawa inatumwa kutoka ya tatu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 baada ya kijana aitwaye Ryan Haight kufariki kwa dawa alizoagiza mtandaoni kupitia daktari ambaye hajawahi kumuona, na Ulaya wana nembo moja ya pamoja ambayo ukiibonyeza inakupeleka kwenye orodha rasmi ya wenye leseni. Famasi halali ya mtaani ikitaka kuanza kupokea oda mtandaoni inajikuta inabeba maswali yote haya, leseni ya nani, cheti cha nchi gani, nani atajibu dawa ikiharibika njiani kwa joto, na wakati inatafuta majibu yule asiye na leseni yoyote anaendelea kuuza.

Kukosea kama kosa la jinai

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu naona ndo linaathiri mengine yote. Mwaka 2007 huko Uingereza mfamasia wa zamu ya muda, akiwa kwenye siku ndefu ya kazi, alitoa propranololi badala ya prednisoloni. Angalia hayo majina, yanaanza na herufi mbili zilezile, maboksi yanakaa jirani kwenye shelfu la alfabeti, na ya kampuni moja yana rangi zinazofanana. Mgonjwa alikuwa mama mzee, na akafariki. Mwaka 2009 mfamasia akapewa kifungo cha miezi 3 kilichosimamishwa, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaondoa kifungo ikaweka faini. Lakini hoja ya kisheria ilibaki, kwamba kosa la bahati mbaya kwenye kutoa dawa ni jinai moja kwa moja.

Fikiria matokeo yake kwa mfamasia mwingine yeyote. Jana ametoa dozi isiyo sahihi, amegundua leo, mgonjwa hajaumia. Sheria ya usalama inamwambia aripoti ili wengine wajifunze. Sheria ya jinai inamwambia ukiripoti umejiandikia ushahidi. Wengi walinyamaza, na kila kosa lililonyamaziwa lilibaki palepale shelfuni likimsubiri mtu mwingine. Wafamasia walipigania hili miaka, na mwaka 2018 Uingereza ikapitisha agizo linalompa kinga mfamasia wa famasi iliyosajiliwa aliyekosea bila kukusudia, ilimradi alikuwa anafanya kazi yake kitaaluma na mgonjwa aliarifiwa haraka kosa lilipojulikana. Mwaka 2022 kinga kama hiyo ikafika hospitali. Sharti la kumwambia mgonjwa ndo nalipenda zaidi kwenye sheria ile, kwa sababu limeweka ukweli kuwa njia ya kujilinda, na famasi yoyote inaweza kuanza na hilo leo hata kabla nchi yake haijaandika kinga yoyote: daftari la makosa lililo wazi kwa wafanyakazi wote, linalouliza kilichotokea kabla ya kuuliza nani, na propranololi ihamishwe shelfu jingine.